Shajara ya mradi: usalama wa maabara na daftari la kemia, kidato cha tatu, muhula wa kwanza

Januari, kabla ya wanafunzi kuingia maabara

Lengo la mradi huu ni moja: mwanafunzi wa kidato cha tatu asiguse chupa ya kemikali kabla hajaandika kwa mkono wake, katika daftari lake, kemikali hiyo inaweza kumdhuru vipi, atajikinga kwa kitu gani na mabaki yake atayamwaga wapi. Kwa muda mrefu hapa shuleni usalama na daftari vimekuwa vikienda kila kimoja njia yake. Kanuni za usalama hufundishwa mwanzoni mwa kidato cha kwanza, wanafunzi wakazikariri, wakazijibia mtihani, kisha zikabaki ukutani hadi karatasi ikapauka. Daftari la vitendo nalo limekuwa kitu cha kukusanywa mwisho wa muhula ili lipewe alama. Mimi na fundi sanifu wa maabara tumekubaliana kuviunganisha, na mkuu wa shule ameridhia kwa sharti kwamba gharama zisizidi fungu lililokwisha kutengwa kwa ajili ya vitendo vya sayansi. Sharti hilo ndilo lililoamua mengi yanayofuata humu.

Januari, ukaguzi wa stoo

Chupa zilikuwa zimepangwa kwa kufuata alfabeti ya majina ya Kiingereza. Ni mpangilio unaorahisisha kutafuta, lakini haujali kemikali gani haipaswi kukaa jirani na gani. Amonia iliyokolea tumeikuta rafu moja na asidi ya hidrokloriki, na shingo za chupa zote mbili zimefunikwa na unga mweupe ambao mtu angeweza kuudhania kuwa vumbi la chokaa ya ukuta. Ule unga ni kloridi ya amonia, inayojitengeneza pale mvuke wa chupa moja unapokutana na mvuke wa nyingine, na kuwepo kwake ni ushahidi kwamba vifuniko havibani na kwamba kila aingiaye stoo anavuta mivuke hiyo. Chupa ya permanganeti ya potasiamu ilikuwa rafu ya juu, na chini yake gliserini, vitu viwili ambavyo vikimwagikiana huwaka moto bila kiberiti.

Tumepanga upya kwa makundi: asidi peke yake chini kabisa, ndani ya mabeseni ya plastiki ili chupa ikipasuka asidi isisambae sakafuni, asidi ya nitriki ikatengwa hata na asidi nyenzake, na kwa umbali mkubwa zaidi na ethanoli na asetoni, alkali upande wa pili wa chumba, vioksidishaji, yaani kemikali zinazochochea moto, kwenye kabati lao, vimiminika vinavyowaka kwenye sanduku la chuma lisilopigwa na jua. Amonia imewekwa sehemu yenye ubaridi kuliko zote, kwa sababu katika joto la Tanga la mwezi Februari gesi hujikusanya ndani ya chupa, na anayefungua kifuniko huku ameinamisha uso anaweza kupuliziwa machoni.

Lebo ni habari nyingine. Mvuke wa asidi umezila nyingi hadi maandishi hayasomeki, na chupa kadhaa hazina lebo kabisa. Zile zisizojulikana hatukuzinusa wala kuzimwaga. Zimefungwa, zikaandikwa "haijulikani" pamoja na tarehe ya kukutwa, na kuorodheshwa ili tuombe ushauri wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye dhamana ya kusimamia kemikali nchini chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Kwa chupa zinazojulikana tumetengeneza lebo mpya zenye jina, ukolezi, tarehe na alama ya hatari ya mfumo wa Umoja wa Mataifa, yaani ile almasi nyeupe yenye mpaka mwekundu. Alama hizo ziko tisa tu, na mwanafunzi anayezijua zote anaweza kusoma hatari ya chupa iliyotoka nchi yoyote inayotumia mfumo huo. Chupa za zamani bado zina miraba ya rangi ya chungwa. Tumeiacha, tukabandika alama mpya pembeni yake. Juu ya kila lebo tumepitisha utepe wa gundi unaoonyesha maandishi, ili mvuke usiile tena.

Vitu vitatu vimeondolewa kabisa katika matumizi. Vipimajoto vya zebaki vimefungiwa ndani ya chombo kigumu, na tutatumia vya alkoholi. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza vipimajoto vya aina hiyo, kuviagiza na kuviuza nje ya nchi, na mwanafunzi akikivunja kimoja hakuna ufagio utakaozoa zebaki yote kwenye nyufa za sakafu ya saruji. Nyavu za kuchemshia zenye duara jeupe la asbesto katikati zimewekwa ndani ya mifuko miwili bila kukwanguliwa. Kopo la sodiamu nalo lilikuwa limekauka mafuta ya taa yanayofunika metali hiyo, kwa hiyo limejazwa upya, likafungwa, na muhula huu halitafunguliwa kwa jaribio lolote.

Januari, daftari lenyewe

Tumechagua kaunta buku yenye jalada gumu, kwa sababu kurasa zake zimeshonwa na karatasi ikichanwa pengo huonekana. Kila mwanafunzi amejaza namba za kurasa zote siku ya kwanza, kabla ya kuandika chochote, na ameacha kurasa mbili za mwanzo kwa yaliyomo. Ukurasa wa kushoto hujazwa nyumbani au bwenini kabla ya kipindi: kichwa cha jaribio, lengo, vifaa na namna vitakavyoandaliwa, kemikali na ukolezi wake, hatari ya kila moja, kinga, na mahali pa kutupia mabaki. Ukurasa wa kulia ni wa kipindi chenyewe: kilichofanyika, saa, kilichoonekana na kilichopimwa, kwa mpangilio uleule kilivyotokea. Fundi sanifu husimama mlangoni na kutia sahihi ukurasa wa kushoto. Asiye na sahihi huketi kiti cha nyuma, akaangalia na kuandika, lakini hashiki kifaa.

Kanuni za uandishi ni chache na hazina msamaha. Kalamu ya wino, si penseli. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili kilichokatwa kiendelee kusomeka, kisha mwandishi huweka herufi za jina lake pembeni na sababu ya kukata. Wino mweupe wa kufutia hauingii maabara. Kipimo huandikwa papo hapo kwenye daftari, hakiandikwi kwanza kwenye karatasi ya rafu wala kiganjani.

Kanuni hii ya mwisho ndiyo iliyoleta ubishi mkubwa zaidi darasani, na ninauelewa. Wanafunzi wetu wamelelewa kuandika rafu kwanza, kisha kuhamisha kwa mwandiko mzuri, wakipiga mistari kwa rula na rangi mbili, kwa kuwa daftari safi ndilo linalosifiwa. Lakini kati ya rafu na nakala safi ndipo matokeo yanapopikwa, mara nyingi bila nia mbaya: namba iliyokaa vibaya inasogezwa kidogo ilingane na ya jirani. Nimewaambia kwamba daftari lenye doa la methili chungwa, kiashiria cha rangi tunachotumia kwa asidi, na mistari iliyokatwa litapata alama kamili ikiwa yaliyomo ni ya kweli, na kwamba unadhifu hauna alama hata moja katika mradi huu. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, na mtihani wa taifa je?" Swali lake lina haki. Jibu ni kwamba karatasi ya vitendo ya kidato cha nne nayo hutaka jedwali la vipimo lijazwe papo hapo, na aliyezoea rafu hupoteza muda wake kuhamisha.

Ili kuonyesha kwamba jambo hili si la kubuniwa na sisi, nimewasimulia habari ya wanakemia wawili wa Uingereza, Humphry Davy na Michael Faraday, ambayo inabeba usalama na daftari kwa pamoja. Mwaka 1812 Davy aliumia jicho baada ya mlipuko wa trikloridi ya nitrojeni, akahitaji mtu wa kumwandikia. Faraday, kijana fundi wa kujalidi vitabu ambaye alikuwa amehudhuria mihadhara ya Davy, akaandika yote aliyoyasikia na kuyajalidi, ndiye aliyeitwa; mwezi Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi katika Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London. Katika shajara yake ya majaribio ya baadaye alizipa aya zake namba zinazofuatana, zikapita 16,000, naye aliandika yaliyoshindikana sawasawa na yaliyofaulu. Wanafunzi walivutiwa zaidi na habari kwamba Faraday mwenyewe naye alijeruhiwa na kemikali ileile mwaka 1813 alipokuwa akimsaidia Davy. Wakauliza kwa nini mtu arudie kitu kilichokwisha kumwumiza mwenzake, nami nikaacha swali hilo liandikwe kwenye ubao wa pembeni bila kulijibu.

Kanuni za usalama zimebandikwa kwa Kiswahili, ingawa daftari linaandikwa kwa Kiingereza kama masomo mengine ya sekondari. Penye moto au asidi hatuwezi kubahatisha kama maneno yameeleweka.

Februari, maji ya macho

Mabomba ya maabara hukauka mara kwa mara, hasa mchana, na mchana ndio wakati wa vipindi vyetu vya vitendo. Wazo la kwanza lilikuwa kuweka ndoo ya lita 20 yenye koki juu ya stuli, kama zile za kunawia mikono. Tukapiga hesabu. Kiwango kinachotumika Marekani kwa vituo vya kuoshea macho kinataka maji yatiririke bila kukatika kwa dakika 15, angalau lita 1.5 kwa dakika, yaani zaidi ya lita 22. Ndoo moja ingekwisha kabla ya wakati, tena kwa jicho la mtu mmoja tu. Tumenunua pipa la plastiki la lita 100, likakaa juu ya meza ya saruji iliyokuwa ya zamani ya kuweka betri, na kwenye koki yake fundi sanifu amevalisha mpira laini ili maji yatoke polepole yakielekea juu. Pipa huoshwa na kujazwa maji safi kila Ijumaa, na anayelijaza hutia sahihi kwenye kadi iliyoning'inia. Hapo palikuwa na mvutano kidogo, kwa sababu pipa la maji safi katika shule yenye shida ya maji huwavutia wengi. Sasa lina kufuli kwenye mfuniko, lakini koki iko wazi daima.

Miwani ya kinga haitoshi darasa zima, hivyo tumegawa darasa katika makundi mawili yanayopishana. Kundi moja hufanya vitendo huku jingine likifanya hesabu za vipimo vya kipindi kilichopita. Naona mpango huu utabaki hata tukipata miwani ya kutosha, kwa kuwa msongamano wenyewe ni hatari: kiwiko kimoja kikigusa bureti, neli ndefu ya kioo yenye koki ya kupimia vimiminika, yote imekwenda.

Siku hiyohiyo nimeandaa asidi ya hidrokloriki mbele ya darasa, wao wakiandika. Asidi ya chupani ni ya asilimia 36 na uzito wake ni gramu 1.18 kwa kila sentimita ya ujazo. Kutoka hapo wenyewe walipata kwamba ukolezi wake ni takriban moli 11.6 kwa lita, na kwamba lita moja ya mmumunyo wa moli 0.1 inahitaji sentimita za ujazo 8.6 tu. Kabla ya kumimina niliwataka waandike kinachoingia ndani ya kingine na kwa nini. Wote wanajua kusema kwamba asidi ndiyo huingia kwenye maji. Wachache waliweza kueleza kwamba maji machache yakimwagwa juu ya asidi nyingi iliyokolea, hasa ya salfuriki, joto linalozalishwa huyachemsha papo hapo na kuirusha asidi nje. Ukurasa ulioandikwa "kwa sababu ni kanuni" haukutiwa sahihi.

Februari mwishoni, pipeti

Hili ndilo lililotusumbua kuliko yote. Kuvuta mmumunyo kwa mdomo ndani ya pipeti, neli ya kioo ya kuchukulia ujazo kamili, ni desturi iliyokita mizizi katika maabara nyingi za sekondari, na walimu tuliofundishwa hivyo tumeiendeleza tukijitetea kwamba mmumunyo ni hafifu. Tatizo si mmumunyo wa leo. Ni mkono wa mwanafunzi kuzoea tendo ambalo kesho litakutana na chupa isiyo hafifu, au na pipeti iliyotumiwa na kundi jingine kwa kitu ambacho hakikuandikwa.

Mipira ya kuvutia pipeti ni ghali kwa fungu letu, na michache tuliyokuwa nayo imepasuka kwa joto. Fundi sanifu ndiye aliyepata njia: bomba la sindano la mililita 60, lile la kulishia wagonjwa kwa mrija, ambalo hupatikana duka la dawa, pamoja na kipande kifupi cha mpira unaobana juu ya pipeti. Bomba la mililita 20 tulilijaribu, halikutosha, kwa kuwa pipeti ya sentimita za ujazo 25 huhitaji hewa nyingi zaidi ya hiyo kuvutwa. Mwanafunzi huvuta taratibu mpaka mmumunyo upite alama, huondoa mpira, huziba mdomo wa pipeti kwa kidole cha shahada na kuuachia ushuke hadi sehemu ya chini ya mbonyeo wa kimiminika iguse mstari. Vidole vyenye unyevu haviachilii vizuri. Kavu huachilia upesi mno. Mazoezi yamefanywa kwa maji yenye tone la wino mpaka kila mmoja akaweza, na ukurasa wa mazoezi hayo nao una namba katika daftari.

Machi, titresheni ya kwanza

Titresheni ni kuongeza mmumunyo mmoja kwenye mwingine kidogo kidogo mpaka kiashiria kibadili rangi. Sodiamu kaboneti ya moli 0.05 kwa lita ndani ya chupa ya koni, asidi ndani ya bureti, matone mawili ya methili chungwa, na rangi kutoka njano kuwa ya chungwa. Makundi mengi yamepata vipimo vinavyokaribiana, karibu sentimita za ujazo 24.60.

Ukurasa mmoja nimeunakili hapa kwa sababu ndio ulionithibitishia kwamba mradi unafanya kazi. Kundi hilo lilipata 25.10, kisha 24.85, kisha 24.70. Katika utaratibu wa zamani kundi hili lingetazama kwa jirani na kuandika 24.60 mara tatu. Safari hii waliandika walichosoma, na chini yake mmoja wao akaandika: "Zinashuka, hatujui sababu." Nikarudi nao kwenye ukurasa wa kushoto, mstari wa maandalizi ya vifaa, ambapo walikuwa wameandika kwa uaminifu kwamba bureti imesuuzwa kwa maji. Hawakutaja kusuuza kwa asidi. Maji yaliyosalia ukutani mwa bureti yaliizimua asidi, ikahitajika nyingi zaidi. Na kila walipoongeza asidi kwenye bureti ileile, maji yale yakazidi kupungua nguvu, na kipimo kikashuka kuelekea kilichopatikana na wenzao. Sababu waliipata wenyewe, bila mimi kusema neno. Walirudia, na kipimo kipya kimeandikwa chini ya vya zamani, ambavyo havikukatwa kwa kuwa havikuwa na kosa la kusoma.

Kundi jingine lina 24.60, 24.60 na 24.60, maandishi ya wino mmoja, bila saa. Sikuwashutumu. Niliwaomba wanionyeshe usomaji wa mwanzo na wa mwisho wa kila mzunguko, nao hawakuwa nao. Wamerudia jaribio.

Machi mwishoni, taa ya spiriti

Tukio limeandikwa katika daftari la matukio, ambalo haliweki jina la mwanafunzi bali kilichotokea tu. Mwanafunzi aliiona taa ya spiriti kama imezimika, akanyanyua chupa ya spiriti ili aijaze. Taa ilikuwa bado inawaka. Meza ile iko dirishani, na mwali wa spiriti chini ya jua hauonekani isipokuwa ukitazama hewa inayotetemeka juu ya utambi. Mwenzake alimshika mkono, hakuna aliyeumia.

Hatari hii haina udogo. Mvuke wa alkoholi hukimbilia mwali, na moto unaweza kurudi ndani ya chupa na kuitapisha mbele kama bomba la moto. Mwezi Januari 2014, katika shule moja ya New York, mwalimu alipoonyesha rangi za moto wa chumvi kwa kutumia methanoli, wanafunzi wawili waliungua, mmoja vibaya sana. Wiki chache kabla ya hapo Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilikuwa imetoa onyo juu ya maonyesho ya aina hiyohiyo. Kuanzia sasa taa hujazwa stoo kabla ya kipindi, chupa kubwa ya spiriti haivuki mlango wa maabara, na meza za dirishani zimepewa kazi zisizo na moto. Jaribio la rangi za moto litafanywa kwa waya uliochovywa kwenye chumvi, si kwa alkoholi.

Aprili

Likizo fupi. Pipa limemwagwa na kukaushwa.

Mei, mabaki na ukaguzi wa madaftari

Uchambuzi wa chumvi, yaani kutambua chumvi imeundwa na nini, umeanza, na pamoja nao swali la mabaki. Sinki zetu humwaga kwenye shimo lililo upande wa kisima, kwa hiyo risasi, shaba na fedha haziingii sinki hata tone. Ndoo tatu zimewekwa: asidi na alkali, ambazo mwisho wa siku husawazishwa kwa magadi na kupimwa kwa karatasi ya litmasi kabla ya kumwagwa, metali nzito, ambazo hukusanywa kwenye chupa yenye lebo na kubaki stoo, na vimiminika vinavyowaka. Mwanzoni ndoo ya pili ilijaa upesi, kwa kuwa wanafunzi walitumia nusu ya neli ya majaribio pale ambapo matone matano yangetosha. Tangu safu ya mabaki katika ukurasa wa kushoto ianze kudai kiasi, si jina tu, matumizi ya nitrati ya risasi yamepungua waziwazi, jambo ambalo hata mhasibu amelipokea kwa furaha.

Madaftari yamekaguliwa bila kuangalia mwandiko. Udhaifu uliobaki ni safu ya hatari: wengi huandika "ni hatari, kuwa makini" kwa kila kemikali, sentensi isiyomsaidia mtu. Wanaoandika vizuri hutaja njia, kwamba hidroksidi ya sodiamu huunguza jicho hata ikiwa hafifu na haiumi sana dakika za kwanza, au kwamba nitrati ya risasi ikichomwa hutoa gesi ya kahawia inayodhuru mapafu. Ukurasa wa mwanafunzi mmoja kuhusu gesi hiyo utabandikwa ukutani mahali pa tangazo la zamani.

Kazi ya muhula wa pili: kupata kabati la kufyonza mvuke au, likishindikana, kuhamishia chini ya mti, upande unakoelekea upepo, majaribio yote yanayotoa gesi, kupokea majibu kuhusu chupa zisizojulikana, vipimajoto na asbesto, na kuwaingiza kidato cha pili katika utaratibu wa sahihi mlangoni, ambao fundi sanifu anasema hawezi kuusimamia peke yake kwa madarasa mawili. Tumependekeza wanafunzi wa kidato cha tatu wenye madaftari bora wasome kurasa za wadogo zao kwanza, kisha sahihi ya mwisho ibaki kwa mtu mzima.